Mama, Yahoo na Sahani ya Longonot

Ukitoka Nairobi kwa barabara ya chini, ile ya Maai Mahiu, kuna mahali kwenye mteremko ambapo Bonde la Ufa lote linafunguka mbele yako ghafla. Wageni husimama hapo kupiga picha na kununua ngozi za kondoo. Sisi watoto wa bondeni tulikuwa tunatafuta kitu kingine: doa jeupe kule chini, karibu na mlima Longonot, kama sahani ya chai ambayo mtu ameisahau kwenye nyasi. Hicho ndicho kituo cha mawasiliano ya setilaiti cha Longonot. Guka alikuwa askari wa lango pale hadi alipostaafu, na nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kukiita kituo. Tulisema tu "sahani". Guka ako sahani. Guka ametoka sahani.

Nilikuwa nimepanga kuandika historia ya hiyo sahani, basi. Niliacha chuo mwaka wa tatu, kozi ya kompyuta, karo ikiwa sababu ya kwanza na uvivu ikiwa ya pili, na tangu hapo naishi kwa kuandika chochote ambacho mtu atalipia. Desemba iliyopita nikaenda kwa Guka kutafuta picha zake za kazini. Picha sikupata. Nyuma ya magunia ya chakula cha kuku nikapata sipiyu tatu za rangi ya maziwa yaliyolala, zimefunikwa na leso ya shosho, na kwa moja kulikuwa na karatasi iliyobandikwa na gundi: MASHINE 4. USIWASHE KAMA HUJALIPA.

Mwandiko wa anko. Kaka yake mama, aliyekuwa na saiba Naivasha mjini kuanzia 2001 hadi Januari 2008.

Lakini nianze na sahani, maana bila sahani saiba haina hadithi.

Kituo cha Longonot kilianza kazi mwaka wa 1970, cha kwanza cha aina yake Afrika Mashariki. Hakikuwa cha Kenya peke yake. Wakati huo mawasiliano ya nje ya Kenya, Uganda na Tanzania yalikuwa chini ya kampuni moja, East African External Telecommunications, ile ambayo jina lake lilifupishwa kuwa Extelcoms na kubaki kwenye jengo la Haile Selassie Avenue. Kabla ya hapo, kupiga simu Ulaya kulikuwa ni kutegemea redio ya mawimbi mafupi: unaweka oda, unangoja, na ukibahatika hewa iwe tulivu unasikia sauti ya mtu wako kama anaongea akiwa ndani ya debe. Setilaiti ya Intelsat juu ya Bahari Hindi ilibadilisha hayo. Sahani za kiwango cha Intelsat za miaka ile zilikuwa na kipenyo cha karibu mita 30, yaani ungeweza kuegesha matatu tatu ndani yake mstari mmoja na nafasi ibaki. Na vituo kama hivi hupendelea mabonde, kwa sababu kuta za milima huzuia kelele za redio kutoka mijini. Ukitazama ukuta wa bonde kutoka kwa Guka unaelewa bila kuelezwa.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977. Kila nchi ikachukua chake. Sahani haikuweza kukatwa vipande vitatu, kwa hiyo ikabaki ya Kenya. Baadaye ikaingia chini ya shirika la posta na simu, na shirika hilo lilipogawanywa 1999, Posta wakaenda na barua, Telkom wakaenda na simu, na sahani ikaenda na Telkom. Guka alibadilishiwa sare mara kadhaa bila kuhama lango.

Sasa, wakati hayo yakiendelea, dunia nyingine ilikuwa inajifunza kuchati.

Novemba 1996, vijana wachache wa Israel waliokuwa na kampuni inayoitwa Mirabilis walitoa programu ndogo ya bure kwa jina ICQ. Barua pepe ilikuwepo tayari. Hata Nairobi, mwanzoni mwa miaka ya tisini, kulikuwa na mashirika yaliyokuwa yakikusanya barua pepe kwenye kompyuta moja, halafu zinatumwa zote London kwa mkupuo kwa laini ya simu. Mpya kwenye ICQ ilikuwa orodha. Unafungua programu, na pembeni mwa skrini unaona majina ya watu wako, na unajua nani ameketi mbele ya kompyuta dakika hiyo hiyo. Kabla ya hapo ungejuaje kama mtu wa ng'ambo yuko macho? Hungejua. Barua unaandika ukiwa hujui itasomwa lini. ICQ ilikuambia: ako hapo, sema.

Mwaka wa 1998 kampuni ya Marekani, AOL, ikainunua kwa zaidi ya dola milioni 280. Mwaka huo huo Yahoo wakatoa ya kwao, ikaitwa Yahoo Pager kwanza, halafu Yahoo Messenger. Julai 1999 Microsoft wakaleta MSN Messenger, wakaitengeneza ili iweze kuongea na watu wa AOL bila AOL kukubali, na mwaka huo wahandisi wa pande mbili walicheza paka na panya: hawa wanaziba, wale wanatoboa. Ni hadithi tamu, lakini kwetu haikufika. Kwetu ilifika Yahoo. Kila mtu alikuwa na barua pepe ya Yahoo, ile ya kutumia kuomba kazi na kujaza fomu za green card, na jina lile lile na paswadi ile ile ndiyo iliyofungua Messenger. Hukuhitaji kujisajili tena. Nafikiri hiyo tu ndiyo siri ya ushindi wake mitaani, lakini anko anabishana nami hapa. Yeye anasema ni zile sura za njano zinazocheka.

*

Anko alifungua saiba akiwa na mashine nne na laini moja ya simu. Alianza kwa shilingi tano kwa dakika. Alikuwa amejaribu kuishusha Yahoo Messenger kutoka kwa mtandao wenyewe. Faili uliyopakua ilikuwa ndogo, kama mtego, maana ukiibofya inaanza kuvuta programu yenyewe, na modemu ikikata katikati unaanza upya. Mtu akiinua simu tu, kwisha. Baada ya usiku mbili akapanda matatu hadi Nairobi, akalipa mtu amchomee programu kamili kwenye CD, akarudi nayo kifuani ndani ya shati kama hati ya shamba.

Kuinstol nako alikugeuza sherehe. Unaingiza CD, unabofya mara mbili, unakubali masharti ambayo hakuna Mkenya aliyewahi kuyasoma, halafu unafika kwenye visanduku. Hapo ndipo anko alikuwa mkali. Kisanduku cha kuweka Yahoo kama ukurasa wa kwanza: toa tiki. Kisanduku cha kuongeza upau wa vitufe juu ya kivinjari: toa tiki, huo upau unakula dakika za mteja. Kisanduku cha kuwaka yenyewe kompyuta ikiwashwa: toa. Kisanduku cha kukumbuka jina na paswadi: toa, toa, toa, kwa sababu mteja wa kwanza alipoondoka bila kutoka kwenye akaunti yake, wa pili aliketi akamwandikia mpenzi wa wa kwanza kuwa wameachana. Walifika hadi kwa chifu.

Halafu inabofywa "ingia", na ile sura ya njano inapepesa, inatafuta njia ya kutoka. Programu ilikuwa inajaribu mlango namba 5050 kwanza, na ikifungiwa inaenda kubisha mlango 80, ule wa kurasa za kawaida. Haya niliyajua nikiwa chuo. Anko alikuwa anajua tu kwamba siku zingine inapepesa sana na siku zingine haipepesi.

Niseme ujumbe wenyewe ulikuwa unapita wapi, kwa sababu hii ndiyo sehemu iliyonifanya nitake kuandika.

Hadi 2004, Telkom peke yake ndiyo iliyokuwa na haki ya kubeba data ya kimataifa ya Kenya, kupitia mtandao wake wa Jambonet. Hakukuwa na nyaya za baharini. Kila neno lililotoka nchini lilipanda angani. Kwa hiyo chukua wasichana wawili wameketi mashine ya pili na ya tatu pale kwa anko, bega kwa bega, wanachatiana kuhusu kijana aliyeketi mashine ya kwanza. (Hii ilitokea. Ilitokea kila siku.) Wa kwanza anaandika "umemwona" anabonyeza. Herufi zinatoka Naivasha kwa laini ya simu, zinafika Nairobi, zinatafuta sahani, na sahani iliyozoeleka iko kule kule bondeni walikotoka, Longonot. Zinarushwa kilomita 35,786 hadi kwenye setilaiti iliyosimama juu ya ikweta. Zinashuka kilomita nyingine kama hizo upande wa pili. Zinakimbia kwa nyaya hadi kwenye seva za Yahoo Marekani, maana ujumbe wote ulipitia kwa mwenye programu. Seva inaona kwamba anayeandikiwa yuko Kenya. Inazirudisha. Juu tena, chini tena. Msichana wa pili, ambaye kiwiko chake kimegusana na cha wa kwanza, anaona "umemwona".

Piga hesabu ya hewani tu: zaidi ya kilomita 143,000. Kuizunguka dunia mara tatu na nusu ili kumsengenya mtu aliye umbali wa mita mbili.

Si chati peke yake. Barua pepe kutoka kwa mteja wa kampuni moja ya intaneti ya Nairobi hadi kwa mteja wa kampuni jirani, pengine jengo moja, nayo ilikuwa inaenda ng'ambo kwanza na kurudi. Watoa huduma walipochoka na ujinga huu walijenga kituo cha kubadilishana data humu humu nchini, KIXP, wakakiwasha Novemba 2000. Safari ya data kati ya kampuni mbili ikashuka kutoka milisekunde kati ya 1,200 na 2,000 hadi kati ya 60 na 80. Kilidumu wiki mbili. Telkom walilalamika kwamba haki yao inavunjwa, na tume ya mawasiliano ikaamuru kizimwe kwa kukosa leseni. Ilichukua hadi Februari 2002 kukiwasha tena. Kuna vita vya historia yetu ambavyo havina sanamu wala barabara, na hiki ni kimoja.

Kwa wasichana wa mashine ya pili na ya tatu haikusaidia kitu, maana seva ya Yahoo ilikuwa Marekani vile vile. Na hapo kuna kichekesho ambacho nilikifikiria sana. Ujumbe wa kwenda kwa mtu aliyeko Marekani ulipanda angani mara moja tu. Kwa kipimo hicho, mtu wa Texas alikuwa karibu nasi kuliko jirani wa kiti.

Baba yangu alikuwa Texas.

*

Aliondoka 2001, mimi nikiwa na miaka miwili, kwa karatasi za shule. Mama alikuwa anafanya kazi kwenye shamba la maua kando ya ziwa, pakihausi, kupanga waridi kwa urefu wa shina. Simu ya kimataifa ilikuwa inakula mshahara wa siku nzima kabla hamjamaliza salamu. Kwa hiyo Jumapili, baada ya kanisa, tulikuwa tunaenda kwa anko. Hapo nakumbuka mwenyewe: harufu ya vumbi lililochomeka, feni, sauti ya ujumbe unapoingia. Nakumbuka mama akiandika kwa vidole viwili huku anaangalia kile kisanduku cha dakika pembeni. Anko alikuwa anamlipisha. Nusu bei, lakini anamlipisha.

Nilidhani hayo yote yamepotea. Programu ya zamani ya Yahoo Messenger ilizimwa Agosti 2016. Ile mpya ikazimwa Julai 17, 2018, na watu wakapewa miezi sita ya kupakua mazungumzo yao, jambo ambalo halikuwahusu waliochati kwenye toleo la 2003. AOL walikuwa wamezima yao Desemba 2017. ICQ ilikufa Juni 2024, Skype Mei 2025. Tulichoachiwa ni WhatsApp, ambayo ilianzishwa 2009 na watu wawili waliotoka kufanya kazi Yahoo. Kwa hiyo ni ukoo ule ule, ukihesabu vizuri.

Nilibeba ile Mashine 4 hadi Nairobi. Luthuli Avenue nikanunua waya wa kuunganisha diski za zamani na laptopu. Diski ilitoa sauti ya mtu anayesaga meno, kisha ikatulia, kisha ikafunguka. Ndani ya folda ya Yahoo kulikuwa na folda ya wasifu wa watumiaji, na ndani yake majina kumi na moja yaliyokuwa na hifadhi ya mazungumzo. La tatu nililijua. Ni ua moja kwa Kiingereza na mwaka niliozaliwa.

Nilimpigia anko. "Anko, kwa nini mazungumzo ya mama yako kwa mashine?"

"Si aliniomba," akasema. "Alikuwa hamalizi kusoma. Dakika zinaisha. Nikamwekea tiki ya kuhifadhi, ili akimaliza kulipa laini nikate, akae asome pole pole bure. Na wengine walipoona wakaomba pia."

Kusoma hakukuhitaji laini. Mama alikuwa anabaki, mimi nikilala kwenye benchi, anasoma tena yale waliyosema nusu saa iliyopita. Hilo sikulikumbuka.

Faili zilikuwa 214. Yahoo walizipa majina kwa tarehe na jina la mtumiaji, kwa hiyo hata kabla hujafungua unaona mifupa ya jambo zima. Ya kwanza ni Machi 10, 2002, Jumapili. Mwaka huo ziko 41. Mwaka wa 2003 ziko 58, maana yake kuna siku za wiki alitoroka kazini. Halafu 49. Halafu 39. Mwaka wa 2006 ziko 27, ya mwisho Septemba 17, Jumapili.

Ukizifungua kwa programu ya kawaida unaona takataka, vijisanduku na alama. Yahoo walikuwa wameyafumba maneno, lakini kwa kifumbo cha watoto: kila herufi ya ujumbe imechanganywa na herufi ya jina la mtumiaji, moja baada ya nyingine, jina likiisha linaanza tena. Ukilijua jina umeshapata ufunguo. Na jina limeandikwa kwenye folda. Ni kama kufunga nyumba na kuacha ufunguo ukining'inia kwenye komeo, ukitumaini mwizi ataona haya.

Ningeweza kusoma yote usiku ule. Mistari ishirini ya programu, basi. Niliandika mistari kumi na miwili na nikasimama.

Sababu ni kwamba kuna kitu hakikufumbwa. Kila ujumbe ndani ya faili una kichwa kifupi kinachoutangulia: saa ulipotumwa, urefu wake, na alama moja inayosema umetoka au umeingia. Sifuri ni mama. Moja ni baba. Hicho kiko wazi, hakihitaji ufunguo. Nikaona naweza kuhesabu bila kusoma, na nikajiambia kuhesabu si kusoma. Mpaka leo sina uhakika kama nilikuwa najidanganya.

Mwaka wa 2002, kwa kila ujumbe 100 wa mama, baba alijibu 88. Ujumbe mrefu, na wake mrefu kuliko wa mama, pengine kwa sababu yeye hakuwa analipia dakika. Mwaka wa 2004 amefika 60. Mwaka wa 2005 ujumbe wake unakuwa mfupi, herufi nne, herufi mbili. Unaweza kukisia herufi mbili. Mwaka wa 2006 ni 11. Faili tisa za mwisho hazina alama ya moja hata moja. Ni sifuri tupu. Ile ya Septemba 17 ina sifuri tatu: moja saa saba na dakika nne, ya pili saa saba na dakika tano, ya tatu saa nane kasoro kumi.

Dakika arobaini na tano kati ya ya pili na ya tatu. Kwa bei ya 2006, shilingi moja kwa dakika, alilipa shilingi arobaini na tano kuangalia skrini. Nusu bei, basi, ishirini na mbili na senti.

*

Nilienda Naivasha kumwambia. Mama sasa ana duka la mbegu. Alinisikiliza akiwa anapima maharagwe, hakuacha kupima.

"Ziko ngapi?"

"Mia mbili na kumi na nne."

"Nilidhani ni nyingi zaidi." Akafunga mfuko. "Umesoma?"

"Sijasoma. Nimehesabu."

Akaniangalia kwa muda. Nikamweleza sifuri na moja, nikimwonyesha kwa karatasi, na nikafika kwenye zile tisa za mwisho. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi au matusi. Alisema, "Lakini alikuwa ako. Hiyo mashine yako haionyeshi?"

Haionyeshi. Faili zinahifadhi yaliyosemwa tu. Hazikumbuki nani alikuwa anawaka.

"Ile sura yake ilikuwa inawaka njano," akasema. "Nikiingia iko njano. Namwandikia. Inakaa njano. Sasa mtu akiwa amezima ungesema amelala, ako kazini. Huyu anawaka. Wiki kadhaa hivyo. Halafu ikawa ya kijivu kila Jumapili, na rafiki yake wa huko akaniambia yeye anamwona onlaini kila siku. Ndio nikajua amenifichia mimi peke yangu."

Hicho kitu nilikuwa nimekisoma kama jambo la kiufundi. Kujificha kwa wote kulikuwepo tangu zamani, lakini toleo la 6, la 2004, lilileta uwezo wa kujificha kwa mtu mmoja mmoja: unachagua jina kwenye orodha, na kwa huyo tu unaonekana umezima. Nimeandika kurasa nzima kwenye daftari langu nikiusifu uvumbuzi wa orodha ya walio macho, jinsi ulivyoondoa ile hofu ya barua, ya kutojua kama mtu wako yupo. Mama yangu angefurahi zaidi na barua. Barua ikipotea unamlaumu Posta.

"Na hao wengine kumi?" akauliza.

"Wengine gani?"

"Umesema majina kumi na moja. Mimi ni mmoja. Hao kumi umewauliza?"

Sikuwa nimewafikiria. Nilikuwa nimeona ukoo wangu na basi.

*

Januari 27, 2008, vurugu za baada ya uchaguzi zilifika Naivasha. Sitazieleza hapa, wako walioziandika vizuri kuliko mimi na wako walioziona. Anko alikodi pikapu, akapakia mashine alizoweza, akazileta kwa Guka Longonot, na saiba haikufunguliwa tena. Wakati ule ule Wakenya wachache waliokuwa wametawanyika nchi mbalimbali walikuwa wamejenga ndani ya siku chache tovuti ya Ushahidi, ya kukusanya ripoti za vurugu kwenye ramani. Kazi yao ya miaka iliyofuata, hata ile ya tetemeko la Haiti la 2010, iliendeshwa sana kwenye vyumba vya gumzo vya Skype. Kwa hiyo kuchati kwetu kulikuwa kumekua, kumeanza kubeba mizigo mizito. Lakini watu kumi waliokuwa na mazungumzo kwenye Mashine 4 hawakujua mazungumzo yao yamelala nyuma ya chakula cha kuku, na wengine wao hawakurudi kuishi Naivasha.

Mwaka uliofuata nyaya za baharini zikafika. TEAMS ilivutwa hadi Mombasa Juni 2009, SEACOM ikawashwa Julai. Data ikaacha kupanda angani, ikaanza kupita chini ya maji, na sahani ya Guka ikapoteza kazi yake kubwa. Ghana walikuwa na sahani kama hiyo, Kuntunse, na 2017 waliizindua upya ikiwa darubini ya redio ya kusikiliza nyota. Kenya iko kwenye orodha ya nchi washirika wa mradi huo huo. Guka, ukimwambia hivyo, anauliza kama nyota zitahitaji askari wa lango.

Faili za mama nilimpa kwenye flashi, zikiwa zimefumbuliwa na programu bila mimi kuzipitia. Aliomba nimwonyeshe namna ya kuzifungua, halafu akaniambia niende nikanunue maziwa. Niliporudi alikuwa amefunga laptopu na anahudumia mteja. Alisema jambo moja tu kuhusu hizo, jioni, tukiwa tunakula: kwamba alikuwa amesahau baba alikuwa anachekesha.

Hao kumi, anko alinisaidia kuwatambua kwa majina, maana yeye ndiye aliyewafungulia akaunti wengi wao. Wawili wamefariki; familia ya mmoja imeomba faili, ya mwingine imesema tuache alale. Mmoja ako Nakuru, fundi wa majokofu, alicheka sana kwenye simu kisha akasema futa, futa sasa hivi nikusikie. Nikafuta nikiwa kwenye laini. Mwanamke mmoja wa Gilgil aliuliza kama kuna ya Aprili 2004, nikamwambia ipo, akanyamaza, akasema atanipigia. Watano bado nawatafuta. Wa kumi nimepata namba yake juzi kupitia kwa binamu yake. Ako Doha. Nimemwandikia WhatsApp nikijieleza mimi ni nani na nimepata nini. Tiki ni mbili, bado za kijivu, na hapo juu pameandikwa yuko onlaini.